Kinu kimewaka, lakini hakichemshi hata chai

"Profesa, jambo. Nafundisha fizikia kwenye shule ya sekondari hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wamesoma habari za vinu vya nyuklia vinavyotumia chumvi iliyoyeyuka, wakaniuliza swali nikakosa jibu. Kinu cha Wamarekani kiliwaka Juni 1965, lakini nguvu hakikupewa hadi 1966. Cha Wachina kiliwaka Oktoba 2023, kikafika nguvu kamili Juni 2024. Miezi yote hiyo kilikuwa kinafanya nini? Mdogo wangu yuko fonderi ya shaba. Yeye anasema tanuru likiwaka linafanya kazi siku hiyo hiyo, na lisipofanya kazi limeharibika, wakubwa wanaficha tu. Papa wa watoto anasema Chernobyl ililipuka kwenye jaribio la nguvu ndogo, kwa hiyo hapo ndipo penye hatari. Mwanafunzi mmoja anataka tuyeyushe chumvi ya jikoni kwenye mbabula darasa lione. Mwingine ameleta jiwe la manjano, anasema ni la Shinkolobwe, nimeliweka kabatini. Na wote wananiuliza: sisi wenye uraniamu na lithiamu ya Manono tunangoja nini?"

Mama Mwalimu, jambo sana. Umeniletea gunia zima, nami nitaanza na vitu viwili vinavyoweza kumdhuru mtu wiki hii, ndipo tukae na fizikia.

Jiwe kwanza, maana Shinkolobwe ni machimbo ya uraniamu. Rangi haitoshi kukuambia ni nini. Likiwa la kijani huenda ni malakiti tu, madini ya shaba yaliyojaa Katanga. Manjano au chungwa inatia shaka zaidi, lakini jicho si kipimo. Jiwe moja la madini ya uraniamu halitaua mtu kwa kukaa kabatini, ila vumbi lake likiingia mapafuni au tumboni ni habari nyingine, na linatoa gesi ya radoni inayojikusanya mahali palipofungwa. Msilivunje, msilisage, msilipitishe mkono kwa mkono darasani. Litie kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye bati lenye kifuniko, uliweke chumba ambacho watoto hawakai na hewa inapita, halafu unawe mikono kwa sabuni. Baada ya hapo usiendelee na ushauri wa maandishi. Nenda mwenyewe idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, uombe mtu aje na kaunta ya Geiger, yaani kipima mionzi. Likionekana lina mionzi, wao watakuelekeza kwa wahusika wa serikali wa kinga ya mionzi, na wewe usilirudishe kwa mtoto alilotoka nalo. Tena muulize kwa upole kama kuna mengine nyumbani, hasa chini ya kitanda.

La mbabula, jiko la makaa: hapana. Chumvi ya jikoni inayeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Makala yakipulizwa vizuri yanaweza kukaribia huko, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu jaribio linaweza kufaulu. Tone la jasho au kijiko chenye unyevu kikigusa chumvi ya moto namna hiyo, maji yanageuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni mwa watoto. Chumvi ya kinu, isitoshe, si ile ya bukari. Ni chumvi za floridi, na moja yake ina beriliamu, ambayo vumbi lake ni sumu ya mapafu. Nitakupa jaribio jingine lisilo na moto wa makala, linaloonyesha jambo kubwa zaidi. Litakuja mahali pake.

Sasa swali lenyewe. Tatizo linaanzia kwenye neno "kuwaka". Sisi tukisema kinu kimewaka, mdogo wako anaona tanuru lake: moto umeshika, shaba inayeyuka, kazi imeanza. Kwenye kinu cha nyuklia neno hilo lina maana finyu sana. Neutroni moja inapasua kiini cha uraniamu, mpasuko unatoa neutroni mbili au tatu, nyingi zinapotea, zimemezwa na vitu vingine au zimetoka nje. Kinu "kimewaka" siku ile ambayo, katika kila kizazi cha neutroni, zinazozaliwa ni sawa na zilizopotea. Mizani imekaa. Mimi napenda kusema kinu kimefika mizani, kwa sababu hakuna kilichowaka. Na mizani inaweza kukaa na gramu moja kila upande au na tani moja. Hiyo ndiyo nguvu ya kinu: ni kiasi gani kiko kwenye mizani. Kuwa na mizani ni jambo moja, kuwa na uzito ni jingine.

Fanyeni hesabu hii ubaoni. Mpasuko mmoja unatoa nishati ndogo mno, hata wati moja inahitaji mipasuko kama bilioni 31 kila sekunde. Kinu cha majaribio cha Oak Ridge, Tennessee, kile cha 1965, kilijengwa kwa nguvu ya karibu megawati 8 za joto. Katika wiki za mwanzo baada ya tarehe 1 Juni kiliendeshwa kwa wati chache tu. Birika lako la umeme linameza mamia ya hayo. Kwa nguvu kamili kinu kile kingekula karibu gramu 8 za uraniamu kwa siku. Kwa wati 10, mwezi mzima kingekula chini ya sehemu moja ya elfu ya gramu, yaani hata milligramu moja haifiki.

Kwa nini mtu ajinyime hivyo? Muulize mdogo wako walifanya nini siku tanuru lilipotiwa matofali mapya. Hawakumwaga shaba siku hiyo. Waliwasha moto mdogo, wakapandisha polepole, siku hata siku, unyevu utoke kwenye matofali. Angemwaga shaba kwenye tofali bichi asingekuwepo kubishana nawe. Kinu cha chumvi, ambacho uraniamu wake umeyeyushwa ndani ya chumvi yenyewe, kina ukaushaji wake pia: chumvi ikikutana na mvuke wa maji inatengeneza oksidi, na oksidi ikizidi uraniamu unaweza kujitenga na chumvi na kukaa chini kama mchanga. Kwa hiyo Oak Ridge walizungusha kwanza chumvi isiyo na mafuta ya nyuklia kwa mamia ya saa, ikipashwa moto kwa hita za umeme tu, na katika chumvi ya kinu wakatia floridi ya zirkoniamu ili oksijeni ishikwe na zirkoniamu kabla haijaufikia uraniamu. Chumvi ile inaganda karibu na nyuzi 434, na kinu kinafanya kazi karibu nyuzi 650. Kumbe kabla ya mpasuko hata mmoja kujitegemea, bomba, pampu na vali zilikuwa zimeshaonja joto la kazi.

Lakini sababu kubwa ya kukaa chini ni nyingine. Vipande vinavyobaki baada ya mpasuko ndivyo vyenye mionzi mikali, na ndivyo vinavyoendelea kutoa joto hata baada ya kinu kuzimwa. Kinu kilichofanya kazi muda mrefu kwa nguvu kamili, ukikizima, sekunde ile ya kwanza bado kinatoa asilimia 6 hivi ya joto lake bila kuomba ruhusa ya mtu. Joto hilo ndilo lililoyeyusha vinu vya Fukushima 2011, navyo vilikuwa vimekwisha kuzimwa. Kinu kilichoendeshwa kwa wati chache hakina deni hilo. Ukigundua vali imefungwa vibaya, unazima, unangoja, fundi anaingia na spana. Ukigundua kasoro ileile baada ya miezi ya megawati 8, utaitengeneza kwa vyombo virefu vya mbali, ukichungulia kwenye kioo kizito. Oak Ridge walitumia nusu ya pili ya 1965 kukamilisha na kukagua vyumba vinavyokizingira kinu, kwa sababu huo ndio ulikuwa wakati wa mwisho wa binadamu kuingia humo bila shida. Hapo ndipo penye miezi mingi iliyomshangaza mdogo wako.

Kufika mizani kwenyewe hufanywa kwa mkono mzito. Ndani ya kinu kunawekwa chanzo kidogo cha neutroni. Uraniamu ukiwa haba, kipima kinahesabu neutroni za chanzo na chache za ziada. Ukiongeza uraniamu, kila neutroni ya chanzo inazaa watoto, wajukuu na vitukuu kabla ukoo haujakatika. Ikiwa kila kizazi ni asilimia 90 ya kilichotangulia, jumla inafika mara 10 ya chanzo. Ikiwa asilimia 99, mara 100. Basi ukichukua 1 ukaigawa kwa hesabu ya kipima, ukachora kwenye grafu dhidi ya kiasi cha uraniamu, mstari unashuka kuelekea sifuri, na pale utakapogusa sifuri ndipo mizani. Unaona mahali kabla hujafika. Oak Ridge walimaliza safari hiyo kwa vidonge vya chumvi vilivyobeba kila kimoja gramu 85 hivi za uraniamu-235, ile aina inayopasuka kwa urahisi, wakavishusha kimoja kimoja kupitia bomba la pampu. Mimi nimewahi kukaa mbele ya kipima kinu kidogo cha mafunzo kikikaribia mizani. Hakuna sinema. Ni watu wenye penseli, na chumba kimya kuliko kanisa siku ya Jumatatu.

Hapa sasa ninaomba uvumilivu wako, kwa sababu tunafika kwenye jambo linalokitofautisha kinu cha chumvi na vinu vya kawaida, na ambalo huwezi kulipima vizuri ila kwa nguvu ndogo.

Neutroni nyingi huzaliwa papo hapo mpasuko unapotokea. Katika kinu kile, kutoka kizazi hadi kizazi ilipita kama robo ya elfu moja ya sekunde, sawa na vizazi 4,000 kwa sekunde. Kama zingekuwa hizo tu, kinu kilichopita mizani kwa sehemu moja tu katika elfu kingeongeza nguvu zaidi ya mara 50 kila sekunde. Hakuna mkono wa kukizuia. Kinachotuokoa ni wachelewaji. Neutroni chini ya 1 katika kila 100 hazitoki kwenye mpasuko wenyewe. Hutoka kwenye vipande vyake, baadaye, wengine baada ya sehemu ya sekunde, wengine baada ya dakika na zaidi. Mizani ikiwa inategemea hao wachache, mwendo wote unawangoja, na kupita kwa sehemu ile ile moja ya elfu kunaongeza nguvu maradufu katika makumi ya sekunde. Mtu anatosha, tena na kahawa yake.

Kwenye kinu cha kawaida mafuta ni vidonge vigumu, na mchelewaji anazaliwa palepale alipolala mzazi wake. Kwenye kinu cha chumvi mafuta yenyewe yanatembea. Oak Ridge chumvi ilimaliza mzunguko mzima kwa sekunde kama 25, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa nje ya moyo wa kinu, kwenye mabomba. Kwa hiyo kuna wachelewaji wanaozaliwa barabarani, mbali na nyumbani, na neutroni zao hazipasui chochote. Walipowasha pampu, mizani ilianguka kwa asilimia 0.21, ikabidi fimbo za kudhibiti, zile zinazomeza neutroni, zivutwe nje ili kuirudisha. Tafsiri yake ni kwamba karibu theluthi ya wachelewaji walipotea. Sasa geuza: pampu ikizimika ghafla, wachelewaji wanabaki nyumbani na mizani inapanda kwa kiasi hicho hicho. Ni kiasi kinachodhibitika, lakini hakuna fundi mwenye akili anayetaka kukifahamu kwa mara ya kwanza akiwa kwenye megawati 8. Kwa wati chache joto la mipasuko halibadilishi kitu, hita ndizo zinazoshika nyuzi zako, kwa hiyo unaona athari ya pampu peke yake, bila joto kuingilia. Ni kama kupima sauti ya mtu mmoja kabla kwaya haijaanza.

Jaribio la pili ni la joto, na ndilo la darasa lako. Pandisha chumvi nyuzi chache kwa hita, uangalie mizani. Chumvi inatanuka, sehemu yake inasukumwa nje ya moyo wa kinu pamoja na uraniamu uliomo, na mizani inashuka. Hii ndiyo breki ya asili: kinu kikipata moto kupita kiasi kinajipunguza chenyewe. Chukua chupa, ijaze mafuta ya kupikia hadi ukingoni kabisa, ukaisimamishe kwenye beseni la maji ya moto. Mafuta yatamwagika juu. Waambie watoto kila tone lililomwagika lilikuwa na uraniamu, na waseme wenyewe kilichobaki ndani kitapasuka zaidi au kidogo.

Tumfikie Papa wa watoto, maana hoja yake si ya kudharau. Ni kweli kwamba usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 kinu namba 4 cha Chernobyl kilikuwa kwenye jaribio, kikiwa megawati 200 za joto badala ya 3,200. Lakini hiyo "ndogo" ni mara milioni 20 ya zile wati 10 ninazozungumza, na zaidi ya hapo hakikuwa kinu kipya. Kilikuwa na miaka ya vipande vya mpasuko ndani yake, kimesongwa na zenoni inayomeza neutroni, fimbo karibu zote zimevutwa nje, na tabia yake kwa nguvu ya chini ilikuwa mbaya: maji yakigeuka mvuke, mpasuko uliongezeka. Breki yake ilikuwa kinyume.

Hata hivyo simpi sifuri. Kinu kipya kwenye wati chache kina hatari yake, nayo ni kwamba breki ya joto bado imelala. Nguvu inaweza kupanda mara mia, mara elfu, na chumvi isijue lolote, kwa sababu hata mara elfu ya wati 10 si joto la kuitikisa tani za chumvi. Wakati huo ulinzi ni vipima, fimbo na nidhamu. Idaho, Januari 1961, kinu kidogo cha jeshi la Marekani kilikuwa kimezimwa kabisa, fimbo moja ikavutwa kwa mkono kupita kipimo, na watu watatu wakafa. Mtu akikuambia nguvu ndogo haina hatari yoyote, huyo naye msahihishe.

Na mdogo wako anayesema wanaficha? Kipimo changu ni kimoja: je, kasoro zimeandikwa? Za Oak Ridge zimeandikwa hadi zinachosha. Mwanzo wa 1966, nguvu ilipofika karibu megawati moja, njia ya gesi ikaziba. Mafuta ya kulainisha pampu yalikuwa yakivuja kidogo kidogo, mionzi ikayageuza gundi kwenye vali na vichujio. Majaribio ya wati chache hayakuweza kuionyesha, kwa sababu hayakuwa na mionzi ya kutosha kupika gundi hiyo. Nguvu ya juu ilifikiwa Mei. Kisha kinu kikaendelea hadi Desemba 1969, na ndicho kinu cha kwanza kuendeshwa kwa uraniamu-233, ule unaotokana na thoriamu, Oktoba 1968. Baada ya kuzimwa ndipo wakaona nyufa ndogo kwenye chuma, zilizoletwa na teluriamu, kimoja cha vipande vya mpasuko. Ndiyo maana mimi sisemi kwamba jaribio la mwanzo linathibitisha kinu. Linakuambia neutroni zinafanya ulichohesabu. Kuhusu chuma, gundi na miaka, halisemi neno.

Cha Wachina, kile cha Wuwei mkoani Gansu, ni cha megawati 2 za joto. Kilifika mizani tarehe 11 Oktoba 2023 na nguvu kamili Juni mwaka uliofuata. Miezi 8 kwa chombo cha namna hiyo ni mwendo wa kawaida. Wala chenyewe hakikujengwa kuuza umeme. Ni cha kujifunzia, sawa na cha Oak Ridge.

Kuhusu Shinkolobwe na Manono, waambie watoto ukweli wote, maana wanasikia nusu. Uraniamu wa Shinkolobwe ulitumika katika mabomu ya Marekani, hilo wanalijua. Lakini uraniamu unaotoka ardhini una uraniamu-235 asilimia 0.7 tu, na kuipandisha asilimia hiyo ni kiwanda kizima kinachosimamiwa na mikataba ya dunia. Lithiamu nayo: ya asili ina asilimia 7 hivi ya lithiamu-6, inayomeza neutroni kwa uroho na kuzaa tritiamu, hidrojeni yenye mionzi. Oak Ridge katika chumvi yao walitumia lithiamu-7 iliyosafishwa hadi asilimia 99.99. Jiwe la Manono haliingii kinuni kama muhogo unavyoingia sokoni. Kati ya shimo na kinu kuna kemia, na kemia ndiyo inayokosekana. Umeme unaokatika Katuba jioni hautarudishwa na chumvi hii mwaka huu wala ujao, na anayewaambia vinginevyo anauza kitu.

Waambie na la pili, ambalo vijana wetu wengi hawajasikia: kinu cha kwanza barani Afrika kilifika mizani hapa kwetu, Kinshasa, 1959, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium. Kiliitwa TRICO, kilowati 50 tu. Hakikuwasha taa ya mtu. Kilikuwa cha kufundishia na kupimia, nguvu ndogo ikiwa ndiyo kazi yenyewe.

Somo likibaki na dakika 20, chora grafu. Wape hesabu hizi za kipima, za kutunga: bila uraniamu 100, kwa kilo 20, 125, kwa kilo 40, 167, kwa kilo 60, 250. Wagawe 1 kwa kila moja, wapige mstari, waone unagusa sifuri wapi. Watapata kilo 100. Kisha waulize: tuna kilo 60, zimebaki 40, tutie ngapi sasa? Atakayesema 40, mrudishe kiti chake. Atakayesema tutie zisizozidi 20, tupime, tuchore upya, mpe alama zote.